Samaki mmoja kafa, wa pili anahema juu ya maji: jibu kwa Mama Salma wa Makorora

Swali: "Assalaam alaykum mtaalamu. Naishi Makorora, Tanga, na wanangu watatu. Mjomba wao alikuja kutoka Dar es Salaam akawaletea samaki wawili wa dhahabu, mmoja mwenye mwili mrefu, mwingine wa duara mwenye mkia mpana, pamoja na bakuli la kioo la mviringo linaloingia maji kama lita nne. Tunawapa mkate na makombo ya biskuti. Maji yanachafuka upesi, siku ya pili yana ukungu mweupe, kwa hiyo kila asubuhi tunayamwaga yote na kutia mapya ya bomba. Yule mrefu kafa wiki iliyopita. Aliyebaki anapanda juu kuhema, na pembeni mwa mapezi ametoka weusi. Muuzaji mmoja kaniuzia dawa ya bluu ya matone. Jirani anasema hawa ni samaki wa nchi za baridi, joto la Tanga hawaliwezi. Mwingine anasema ni jicho. Je, ni joto kweli? Nahitaji tangi la ukubwa gani? Lazima niwe na mashine ya umeme, na umeme wenyewe unakatika? Na ni kweli samaki huyu hukua kulingana na chombo alichowekwa?"

Waalaykum salaam, Mama Salma. Uwape pole watoto.

Nianze na la leo, maana samaki anayehema juu ya maji hawezi kungoja nimalize maelezo. Tafuta beseni kubwa la kufulia, au pipa la plastiki lililokatwa, linaloingia ndoo tatu za lita 20 au zaidi, ambalo halijawahi kubeba mafuta, rangi wala dawa ya mimea. Lioshe kwa maji matupu bila sabuni, uliweke ndani au barazani penye kivuli cha kutwa. Jaza maji yaliyolala tangu jana kwenye ndoo zilizo wazi. Kama huna ya namna hiyo, kinga sasa yalale hadi kesho, na kwa leo toa nusu tu ya maji ya bakuli, uongeze maji yoyote ya akiba yaliyokaa ndani ya nyumba.

Kumhamisha usimrushe. Mteke pamoja na maji yake kwa kopo kubwa, liache kopo lielee kwenye beseni, na kila baada ya dakika tano umtilie nusu kikombe cha maji ya beseni. Baada ya nusu saa mtoe kwa mikono iliyolowa au kwa kitambaa laini umwachie. Maji ya kopo yamwage nje, usiyatie mle. Leo na kesho asile kitu. Ile dawa ya bluu iweke kabatini, nitaifikia.

Sasa tuje kwenye kilichomuua mwenzake. Samaki hutoa amonia usiku na mchana, na nyingi hutokea kwenye matamvua anapopumua, si kwenye kinyesi peke yake kama wengi wanavyodhani. Ni ile harufu inayokukata pua ukifungua choo kisichopata hewa. Mtoni inachukuliwa na maji. Kwenye lita nne inabaki pale pale alipo, naye anaivuta tena kila anapofungua mdomo. Amonia inaunguza matamvua, na matamvua yaliyoungua hayashiki oksijeni hata kama ipo, ndiyo maana unamwona anapanda juu. Weusi wa pembeni mwa mapezi kwa kawaida ni kovu: ngozi iliyounguzwa ikianza kupona hutoa rangi nyeusi. Wala si uzee, na habari ya jicho tumwachie jirani. Ukitazama vizuri utaona weusi huo haujavimba wala hauna utando. Ukiwa hivyo, utafifia wenyewe kwa wiki kadhaa maji yakitulia.

Mkate na biskuti vimeongeza mzigo. Mkate huvimba, huvunjika vipande ambavyo macho hayavioni, na bakteria huufanyia karamu. Ukungu mweupe wa siku ya pili ni hao bakteria wenyewe, na wao pia wanakula oksijeni, ile ile anayoitafuta samaki.

Nawe ukaona uchafu, ukafanya ambalo mtu yeyote msafi angefanya: ukamwaga yote. Hapo ndipo samaki alipopigwa mara ya pili. Maji ya bomba yana klorini, imetiwa ili sisi tusiugue, na hiyo klorini inachubua matamvua yaliyokwisha kuungua. Halafu kuna tofauti ya joto. Nyumba nyingi za Tanga zina tangi jeusi juu ya paa. Maji yake ya saa nane mchana mwezi wa pili yanakaribia kuunguza mkono, ya alfajiri yamepoa, na samaki hana namna ya kujiandaa. La tatu halionekani kwa macho. Wapo bakteria wema wanaoota taratibu kwenye kuta za chombo, kwenye changarawe na hasa kwenye filta, yaani chujio la maji ya tangi. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitraiti, kundi jingine hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa. Hawa ndio wafanyakazi wa tangi. Ukimwaga yote, ukasugua bakuli na kulisuuza kwa maji ya klorini kila asubuhi, unawafukuza kazi kabla hawajaanza.

Kwa hiyo je, ni joto? Jirani yako hakukosea kabisa. Samaki wa dhahabu alifugwa China, akitokana na samaki wa mwituni walio ndugu wa kapi (carp), zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mwili wake unapenda maji ya nyuzijoto 18 hadi 22. Wale wa duara kama wako huridhika na 20 hadi 24. Maji yaliyomo ndani ya nyumba pwani yetu hukaribia 25 wakati wa kipupwe, na kaskazi ikiiva hufika 29 au 30. Anaishi humo. Lakini angalia hesabu: maji ya nyuzijoto 20 hushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya 30 hushika kama 7.5 tu. Na wakati oksijeni inapungua, mwili wake unakwenda mbio zaidi, anakula zaidi, anachafua zaidi, na anataka hewa zaidi. Amonia nayo huzidi ukali maji yakipata joto na yakiwa na pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni machachu): kwenye nyuzijoto 25, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura yake ya sumu, na ya pH 8 yana karibu asilimia 5. Joto peke yake lisingemuua yule mrefu. Lilichofanya ni kuzifanya zile lita nne ziishiwe hewa upesi. Samaki yule yule, joto lile lile, kwenye lita 140 angekuwa hai leo.

Ndiyo maana karibu kila swali lako linajibiwa na lita. Mtu akiniuliza anunue nini kwanza, filta nzuri au tangi kubwa, namwambia tangi. Kosa la chakula, umeme kukatika, mtoto kumimina kopo zima la vidonge vya chakula cha samaki, vyote hivyo kwenye maji mengi vinakupa siku nzima ya kurekebisha. Kwenye bakuli vinakupa saa.

Samaki wako wa duara akikua atafika sentimita 15 hadi 20. Kipimo ninachokitumia ni lita 75 kwa wa kwanza wa aina hiyo na lita 40 kwa kila anayeongezeka, na kwa joto letu sioni haya kuzidisha. Wale wa mwili mrefu wenye mkia mmoja ni habari nyingine: hufika sentimita 25 hadi 30, wanaogelea mbio, na mahali pao hasa ni bwawa la uani.

Tangi la kioo si lazima uliagize Dar es Salaam. Fundi yeyote wa vioo na aluminiamu anayejua kazi yake pale Ngamiani anaweza kukutengenezea, mradi umpe vipimo na usimwachie achague. Mwambie urefu sentimita 90, upana 40, kimo 45, kioo cha milimita 8. Ukijaza hadi kimo cha 40 unapata lita 144, ndoo saba na kidogo. Upana ni muhimu kuliko kimo, kwa sababu hewa huingia kupitia uso wa maji; tangi refu jembamba linapendeza sebuleni ila linampa samaki dirisha dogo. Hapo ndipo na lile bakuli la mviringo linapokosea, watu hulijaza hadi shingoni, mahali palipo pembamba kuliko pote. Silikoni iwe ile tupu. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki, na ndiyo mafundi wengi wanayokuwa nayo mfukoni, kwa hiyo soma maandishi ya chupa mwenyewe mbele yake. Ikae wiki nzima ikauke, halafu lijazwe nje kwenye uwanja sawa kwa siku moja uone kama linavuja.

Usilipandishe kwenye kabati la televisheni. Maji, kioo na mchanga kwa pamoja vinapita kilo 180. Meza ya mninga au stuli ya chuma iliyochomelewa, juu yake shiti ya stairofomu ya sentimita mbili ili chini pasiwe na kijiwe cha kupasua kioo, basi. Mbali na dirisha linalopigwa na jua la magharibi. Juu usifunike kwa kioo; weka wavu wa chandarua au waya mwembamba, hewa ipite, paka asipite, na samaki asiruke.

Kama tangi la kioo ni gharama kubwa kwa sasa, nakushauri bila kusita uende uani. Pipa la lita 200 lililokatwa kwa urefu, au karo dogo la saruji chini ya mwembe au mwarobaini, humlea samaki huyu vizuri kuliko akwariamu ndogo ya dukani yenye taa za rangi. Karo jipya la saruji hutoa chokaa na kupandisha pH juu sana, kwa hiyo lijaze na kulimwaga mara kadhaa kwa muda wa wiki tatu au nne kabla ya kumtia kiumbe. Funika kwa wavu. Kunguru wa mjini kwetu hawahitaji kualikwa. Mbu wasikutie hofu, mayai yatakayotagwa humo hayatafika kuwa mbu, yataliwa. Masika kata tundu la kutolea maji upande wa juu na ulizibe kwa waya wa neti, la sivyo mvua kubwa ya usiku itamtoa samaki nje pamoja na maji.

Umeuliza kama lazima kuwe na mashine. Kwa tangi la ndani, naam, ila si ya gharama. Nachagua filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, na ningechagua hiyo hiyo hata kama ningekuwa na fedha ya kununua kubwa. Hewa inapanda ndani ya bomba, inavuta maji yapite kwenye sponji, bakteria wanakaa humo, na mapovu yanatikisa uso wa maji. Kitu kimoja, kazi tatu. Ukikosa ya dukani, chupa ya maji ya lita moja iliyotobolewa matundu, ikajazwa sponji mpya isiyo na sabuni wala dawa, mpira wa hewa ukaingizwa hadi chini na bomba fupi likatoka juu, inafanya kazi ile ile. Wiki mbili tatu mara moja ikamue sponji ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Usiioshe bombani, wala usiikamue hadi ing'ae. Ule utelezi wa kahawia ndio mali yenyewe.

Pampu ya hewa ikae juu kuliko uso wa maji. Watu wengi huificha chini ya meza, nyuma ya pazia, karibu na soketi. Umeme ukikatika, hewa iliyokuwa inasukuma inakoma, na maji hurudi nyuma ndani ya mpira, yakishuka hadi kwenye pampu na kutoka sakafuni. Umeme ukirudi, una maji, pampu na nyaya mahali pamoja. Igongee rafu ukutani. Kama haiwezekani, nunua kile kivalvu kidogo cha plastiki kinachopitisha hewa upande mmoja, ukate mpira katikati ukipachike hapo.

Na umeme wenyewe ukikatika? Samaki mmoja kwenye lita 144 anaweza kukaa usiku mzima bila pampu, huna haja ya kuamka. Usimlishe mpaka urudi. Ikipita nusu siku kwenye joto la mwezi wa pili, na ukamwona anaanza kupanda juu, teka maji ya tangi kwa kopo uyamimine tena kutoka shibiri mbili juu, mara ishirini hivi, urudie kila baada ya muda. Watoto wataigombania kazi hiyo. Zipo pampu ndogo za hewa za kuchaji, na zipo zinazokwenda na paneli ndogo ya sola. Ni akiba nzuri lakini si sharti. Hita usinunue hata ukipewa bei ya ndugu. Feni ya meza ikipuliza juu ya uso wa maji inashusha digrii moja mbili, ingawa kwa unyevunyevu wa pwani haishushi kama inavyoshusha bara. Barafu usiitie ndani ya tangi. Kushuka kwa ghafla kunamdhuru kuliko joto alilolizoea.

Bakteria niliowataja wanahitaji wiki nne hadi sita kukamilika, na maji yetu ya uvuguvugu huwasaidia wakawahi. Wewe tayari una samaki, kwa hiyo utawalea wakiwa pamoja. Kwa mwezi mmoja wa mwanzo toa robo ya maji kila baada ya siku mbili na kurudishia mengine yaliyoandaliwa. Ukipata vijikaratasi vya kupimia maji, unachotaka ni amonia sifuri, nitraiti sifuri, na nitreti isizidi miligramu 40 kwa lita. Siku amonia au nitraiti inapoonekana, toa nusu siku hiyo hiyo. Ukimjua mtu mwenye tangi la samaki wa mapambo lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake chafu, ukibebe kikiwa kimelowa, ukitie ndani ya filta yako. Hicho kinakuokolea wiki kadhaa. Katikati ya mwezi huo nitraiti hupanda, na dalili yake ni samaki kuhema ingawa mapovu yapo ya kutosha. Chumvi husaidia, kwa sababu kloraidi iliyomo huzuia nitraiti isiingie kwenye damu. Gramu moja kwa lita inatosha, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa kwa kila ndoo ya lita 20. Chumvi ya mawe ya pwani ikiwa safi inafaa, na ya mezani si mbaya. Ukitoa maji, rudishia chumvi ya kiasi ulichotoa tu, maana chumvi haikauki pamoja na maji.

Baada ya mwezi, theluthi moja kila wiki. Chagua siku, iwe hiyo.

Maji ya kubadilishia ndiyo wanaoishi Tanga wanapaswa kuyafikiria kuliko watu wa mahali pengine. Ya bomba yetu hutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, yakasafishwa na kutiwa dawa. Yakilala kwenye ndoo wazi siku moja hadi mbili, klorini ya kawaida huondoka. Ukitia mpira wa hewa ndani huondoka upesi zaidi. Ipo aina ya dawa, kloramini, ambayo hailali ikaondoka, kwa hiyo mwenye uwezo awe na chupa ndogo ya dawa ya kuondoa klorini, ambayo mara nyingi ndani yake ni sodiamu thayosalfeti, matone yake yameandikwa kwenye kibandiko. Kinga maji jioni, yalale chumba kimoja na tangi, na siku ya kubadilisha joto litakuwa limelingana bila kipimajoto.

Ya kisima yanategemea kisima. Ardhi ya upande wa Amboni ni ya mawe ya chokaa, ndiyo iliyochimbika mapango, na maji magumu ya chokaa samaki huyu anayapenda tu. Ya visima vya karibu na bahari yaonje kwanza: yakiwa na chumvi ya kuonekana ulimini, yaache. Maji yaliyotoka chini ya ardhi sasa hivi huwa hayana hewa ya kutosha, yalaze usiku na mapovu ndani yake kabla ya kuyatumia. Ya mvua ni laini mno, hayana kitu cha kuizuia pH isiporomoke. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Na watoto wakirudi Raskazone na mfuko wa simbi na matumbawe ya kupambia tangi, chukua simbi moja mbili laini, mengine yawekwe dirishani. Yanayeyuka taratibu, yanapandisha pH, na umeshaona hapo juu amonia inavyokuwa kwenye pH ya juu. Tena yana ncha, na samaki wa mkia mpana anachanika.

Chakula ni jepesi. Samaki huyu hana tumbo la kuwekea akiba. Kinachoingia kinapita moja kwa moja utumboni. Kidogo mara mbili kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki asile. Nunua vidonge vinavyozama, au chukua chakula cha vifaranga vya perege kwa wafugaji, chenye punje za milimita moja, uviloweke dakika kumi kwenye kikombe. Kuloweka si urembo: wa duara akila kikavu kinachoelea, humeza na hewa, na kibofu chake cha hewa, kilichobanwa ndani ya mwili mfupi, huanza kumsumbua, unamkuta anaelea ubavu. Ikimtokea, afunge siku mbili, kisha mpe njegere moja iliyochemshwa ikamenywa ganda. Mchicha uliochovywa maji ya moto anaula. Viluwiluwi vya mbu ukivikuta kwenye ndoo iliyosahauliwa uani, mchujie; ni karamu kwake na faida kwenu. Mkate usirudi tena, wala dagaa wa chumvi.

Hilo la kukua kulingana na chombo linasemwa kila mahali, na wanaolisema wameona kweli samaki mdogo kwenye bakuli dogo. Wanachokiona ni udumavu. Maji machafu yanamzuia kukua, mgongo unapinda, na anakufa mwaka wa kwanza au wa pili. Anayetunzwa huishi miaka 10 hadi 15, na wapo wanaopita hapo: Uingereza kulikuwa na mmoja aliyeitwa Tish aliyefika miaka 43, akafa 1999. Kwa hiyo Salma akimtunza vizuri, huyu samaki atakuwa bado yupo siku Salma anakwenda chuo.

Kuhusu dawa ya bluu: usimpe samaki dawa ya ugonjwa usioujua. Wako ameunguzwa na maji, na dawa ya aina hiyo ikiingia tangini huwadhuru wale bakteria wa filta unaotaka kuwalea. Madoa meupe yakitokea mwili mzima na kwenye mapezi, punje punje za kama chumvi, naye akijisugua kwenye vitu, huyo ni mdudu, na anatibika kwa chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa lita kwa wiki mbili hivi, ukiipandisha taratibu ndani ya siku mbili. Ila ukiona nukta nyeupe kwenye vifuniko vya matamvua tu na kwenye kingo za mapezi ya mbele, huku anakula na kuzurura kama kawaida, usimtibu. Ni dume aliyekomaa.

Mwenzake umnunulie lini? Baada ya vipimo vya amonia na nitraiti kukaa sifuri wiki tatu mfululizo, wala si kabla, na awe wa duara kama yeye, maana wa mwili mrefu atamnyang'anya chakula kila siku. Mgeni akae wiki tatu peke yake kwenye lile beseni la leo kabla ya kuonana na mwenyeji. Perege asiingie humo, ni mgomvi, na kambale atammeza. Na ikitokea siku mmechoka kufuga, mpeni mtu mwingine. Mto Zigi si wa kutupia samaki wa kigeni. Nchi kadhaa, Australia ikiwemo, zinahangaika na samaki hawa hawa waliotupwa mitoni wakazaliana.

Mkisafiri Lushoto kwa wiki moja, badilisha theluthi ya maji siku moja kabla ya kuondoka, acha pampu ikiendelea, na usimwachie mtu kopo la chakula. Samaki mzima hukaa wiki bila kula asidhurike. Jirani mwenye huruma na mkono mzito ndiye wa kuogopwa. Mwachie ufunguo, mwambie aje kutazama tu.